Mtunzi na mchapishaji wa muziki: kusaini, kulipwa na kuwakilishwa nje ya nchi

Wimbo mmoja ni mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani melodi na mashairi. Ya pili ni rekodi, ile inayoitwa masta. Lebo na wasambazaji wa mtandaoni hushughulika na masta. Mchapishaji wa muziki, ambaye studio nyingi humwita pablisha, hushughulika na utunzi. Mtunzi asipozitenganisha hizi mbili hufika mahali akasaini karatasi mbili zinazogongana, au akaamini kwamba msambazaji aliyempandishia wimbo Spotify anamkusanyia kila senti. Hamkusanyii. Kwa kawaida msambazaji huleta fedha za masta peke yake. Fedha za utunzi hupita njia nyingine, na zisipodaiwa hukaa hukohuko.

Utunzi huingiza fedha kwa njia nne. Kuna mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kazi yako, ya uchezwaji, inayolipwa na redio, televisheni, kumbi, hoteli, mabasi na sehemu ya usikilizaji mtandaoni. Kuna mirabaha ya nakala, ambayo zamani ilitoka kwenye kaseti na CD, na leo hutoka zaidi kwenye sehemu nyingine ya usikilizaji huohuo wa mtandaoni. Kuna leseni ya kuweka wimbo kwenye picha: filamu, tamthilia, tangazo. Na kuna nota zilizochapishwa, ambazo kwa mtunzi wa kwaya si kitu kidogo hata kidogo. Kila njia ina mkusanyaji wake, na mkataba mzuri huzitaja zote nne kwa majina.

Hatua ya 1: Maliza mgawanyo kabla ya kukaa na mtu yeyote

Mchapishaji makini atakuuliza jambo moja kwanza: katika wimbo huu, chako ni asilimia ngapi? Ukijibu "wote ni wangu" halafu prodyuza aliyetengeneza biti naye akaja kudai nusu, kazi yote hufungiwa. Kwa hiyo andikeni hati ya mgawanyo siku ileile ya kurekodi, kabla wimbo haujapandishwa. Iwe na jina la wimbo, majina mengine ya wimbo huohuo, majina ya watunzi kama yalivyo kwenye kitambulisho pamoja na majina ya kisanii, asilimia ya kila mmoja ikijumlishwa kuwa 100 kamili, chama cha mirabaha cha kila mmoja, tarehe na sahihi.

Ugomvi mwingi hutoka kwa prodyuza. Kumlipa biti hakumwondoi kwenye utunzi mpaka mkubaliane hivyo kwa maandishi. Kama amelipwa na amekubali kuachia, andikeni. Kama anabaki na asilimia 25 au 50, andikeni pia. Mpiga gitaa aliyebuni kile kipande kinachorudiwa mwanzo hadi mwisho naye ana hoja. Sauti ya pili iliyofuata tu alichoelekezwa haina.

Ukiwa umetumia wimbo wa jadi, sema hivyo. Ulichotunga ni mpangilio, si melodi, na ndicho unachopaswa kudai. Watunzi hukamatwa hapa kwa sababu mtu mwingine naye amepanga wimbo uleule wa jadi, kila mmoja akajiandika mtunzi wa asilimia 100, na mfumo ukaziona kama kazi moja yenye asilimia 200.

Hatua ya 2: Uwe na chama, na uwe na namba

Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapowekwa kwenye umbo la kudumu, haisubiri usajili. Lakini bila uanachama hulipwi. Kenya, msimamizi wa mambo haya ni KECOBO, bodi ya hakimiliki, na ndiye anayetoa leseni kwa vyama vinavyokusanya mirabaha. Leseni hizo zimekuwa zikibadilika mikono, basi hakikisha mwaka huu ni chama kipi kinachoruhusiwa kukusanya kwa niaba ya watunzi. Tanzania, COSOTA ni ofisi ya hakimiliki unakosajili kazi, na ukusanyaji umeachiwa kampuni zenye leseni. Uganda, chama cha watunzi ni UPRS.

Ukishajiunga, dai namba ya IPI. Hiyo ndiyo inayokutambulisha duniani, na bila hiyo "Juma Ali" wa Tanga na "Juma Ali" wa Mombasa ni mtu mmoja kwenye kompyuta ya Paris. Kazi yenyewe hupewa namba ya ISWC, inayoanza na herufi T. Rekodi ina yake, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Mchapishaji asiyeunganisha ISWC na ISRC zako hajafanya kazi yake, maana Spotify huripoti rekodi, si utunzi, na mtu lazima aseme rekodi hii imebeba utunzi upi.

Haki ya uchezwaji katika eneo moja haiwezi kukabidhiwa vyama viwili. Unaweza kukipa chama cha nyumbani dunia nzima, au ukakipa Afrika Mashariki peke yake na kujiunga na PRS ya Uingereza au SACEM ya Ufaransa kwa maeneo mengine. Unachokatazwa ni kuyafanya yote mawili bila kuondoa maeneo kwenye fomu ya kwanza. Na kwa kuwa vyama vingi hutaka uhamishe haki hiyo kwao, mkataba wa mchapishaji unaosema "mtunzi anahamisha haki zote za uchezwaji" unakuahidisha kitu ambacho hunacho tena. Ongeza maneno haya: bila kuathiri haki zilizokwisha kukabidhiwa chama cha mirabaha cha mtunzi.

Hatua ya 3: Tambua aina ya mkataba ulio mezani

Jina lililoandikwa juu lisikupumbaze. Angalia ni nani anayebaki na umiliki.

Mkataba wa usimamizi hauhamishi umiliki. Mchapishaji husajili, hukusanya, hukata ada, na ukiisha muda anaondoka. Ada ya kawaida ni asilimia 10 hadi 20, muda mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa mtunzi ambaye nyimbo zake tayari zinasikilizwa na hana shida ya fedha za haraka, huu ndio wa kuanzia, na mara nyingi ndio wa kuishia.

Mkataba wa uchapishaji wa pamoja hugawa umiliki. Ili kuelewa hesabu yake, kumbuka desturi ya kukata mapato ya utunzi vipande viwili: nusu fungu la mtunzi, nusu fungu la mchapishaji. Hapa unabaki na fungu lote la mtunzi na nusu ya fungu la mchapishaji. Ndipo inapotoka ile 75 kwa 25. Mara nyingi huja na malipo ya awali, advansi.

Mkataba wa kuhamisha kila kitu humpa mchapishaji fungu lake lote na umiliki wote: 50 kwa 50. Ni wa kizamani, lakini bado unatembea, hasa kwa wimbo mmoja mmoja. Wa nne ni kuuza moja kwa moja kwa bei moja, na baada ya hapo hupati kitu. Huu una mahali pake, tuseme mlio wa sekunde tano wa tangazo la duka. Kwa wimbo wenye beti, hapana.

Iwe Kenya au Tanzania, kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi yenye sahihi. Ujumbe wa WhatsApp wa "sawa bro, chukua" si uhamisho, ingawa unaweza kukuletea usumbufu.

Hatua ya 4: Vifungu vinavyouma

Muda. Hapa ndipo panapoumiza kuliko asilimia zote, na ndipo watu wasiposoma. Mkataba una muda wa aina tatu: muda wa kutunga (nyimbo zitakazoingia), muda wa kubaki nazo baada ya hapo, na muda wa kukusanya fedha za nyuma. Unaweza kukuta "mwaka 1", ukafurahi, kumbe mchapishaji atabaki na nyimbo za mwaka huo kwa miaka 15 au kwa uhai wote wa hakimiliki. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, uhai huo ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Pigania miaka 5 hadi 10 kwa uchapishaji wa pamoja. Kwa usimamizi, muda wa kubaki uwe sifuri. Kukusanya za nyuma, miezi 12 hadi 24 inatosha.

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akaachia haki zake kwa kiasi kidogo sana, na akafa maskini mwaka 1962. Warithi wake walifika mahali pa kulipwa mwaka 2006, na kilichowafungulia mlango ni kifungu cha sheria ya Uingereza ya 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Sheria za leo za kwetu hazikupi mlango wa namna hiyo. Andika mlango wako mwenyewe: haki zitarudi tarehe fulani, na zitarudi mapema kwa wimbo wowote usiotolewa au kupewa leseni ndani ya miezi 24.

Idadi ya nyimbo. Mkataba unasema kipindi ni miezi 12 "au mpaka nyimbo 10 zitakapokabidhiwa, lolote litakalochelewa". Halafu tafsiri, kurasa nne mbele, inasema wimbo ni utunzi ambao asilimia 100 ni yako na umetolewa kibiashara. Kama kawaida yako ni kupata robo ya wimbo, nyimbo 10 zinakuwa nyimbo 40, na zote zitoke. Kipindi cha mwaka kinaweza kula miaka sita. Dai maneno "lolote litakalotangulia", au ukomo wa miezi 24 vyovyote iwavyo.

Advansi. Si mshahara wala zawadi. Ni fedha yako ya kesho. Ukipewa dola 2,000 kwenye mkataba wa 75 kwa 25, na makato yakitoka kwenye 75 yako, lazima zikusanywe kama dola 2,667 ndipo deni liishe. Mambo matatu ya kuandikisha: advansi hairudishwi kutoka mfukoni mwako hata wimbo ukidoda; fungu la mtunzi linalolipwa na chama cha mirabaha halikatwi deni, linakuja kwako moja kwa moja; na deni la mkataba huu halilipwi kwa mapato ya mkataba mwingine. La mwisho huwauma zaidi wanaosaini masta na utunzi katika nyumba moja.

Ruhusa. Uwe na kura ya turufu kwa matangazo ya siasa, pombe, kamari na dini, na kwa kubadilisha mashairi au kutafsiri. Mpe mchapishaji siku 5 za kazi za kungoja jibu lako, maana filamu haisubiri, lakini kimya chako kisihesabiwe kuwa ndiyo. Haki ya kutajwa kuwa mtunzi na ya kuzuia kazi kuharibiwa ni zako; kifungu kinachotaka uziachie kifutwe.

Kazi za nyuma. Orodhesha kwa majina nyimbo zinazoingia, kama kiambatisho. "Nyimbo zote, zilizotungwa na zitakazotungwa" ni sentensi ya kukatwa kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya 5: Ada za leseni za picha

Kwa filamu na matangazo hakuna bei ya sokoni iliyobandikwa ukutani. Bei hutokana na vitu vitano, na mnunuzi asipovitaja usitaje bei: chombo (sinema, televisheni, mitandao), eneo, muda, urefu wa kipande, na kama anataka wimbo usitumiwe na mwingine katika aina hiyo ya bidhaa. Tangazo la miezi 3 la redio za Kenya na tangazo la miaka 5 la dunia nzima hayatoki kwenye kapu moja.

Desturi ya kimataifa ni utunzi na masta kulipwa sawa. Lebo ikipewa dola 1,500 kwa masta, utunzi nao upate 1,500. Andika hivyo kwenye kila leseni, kwa sababu lebo huitwa kwanza na utunzi hukumbukwa mwishoni bajeti ikiwa imekauka. Mchapishaji aliyeitafuta kazi mwenyewe huweza kudai ada ya juu zaidi, asilimia 20 hadi 30. Aliyepokea simu tu abaki na ada yake ya kawaida.

Ukitungishwa kazi mpya, tenganisha karatasi mbili: malipo ya kutunga, nusu kabla ya kuanza na nusu ukikabidhi, na leseni ya kutumia. Wateja hupenda kuzikunja ziwe moja. Wewe zifungue.

Kwa watunzi wa kwaya wanaochapishiwa nota Marekani au Ulaya, sehemu ya mtunzi iliyozoeleka ni asilimia 10 ya bei ya rejareja ya kila nakala, na nusu ya mapato mengine. Uliza kama asilimia 10 hiyo inahesabiwa kwa bei ya rejareja au kwa fedha iliyomfikia mchapishaji baada ya punguzo la maduka. Tofauti yake ni karibu nusu. Faili la kidijitali nalo litajwe.

Hatua ya 6: Kuwakilishwa nje

Mchapishaji wa Nairobi au Dar hana ofisi Berlin. Hutumia wakala mchapishaji wa nchi ile, aliye mwanachama wa chama cha kule na anayejua kudai kwa lugha yao. Huyo naye hula. Na juu yake huenda kuna wakala wa bara zima. Hapa ndipo asilimia nzuri ya ukurasa wa kwanza huyeyuka.

Tuseme fungu la uchapishaji la euro 1,000 limekusanywa Ujerumani. Wakala wa Ujerumani anakata 20%, inabaki 800. Wakala wa Ulaya anakata 15% ya hiyo, inabaki 680. Mchapishaji wako ndipo anapogawa 75 kwa 25, na wewe unapata 510. Mkataba unasema 75%, mkononi una 51%.

Tiba yake ni kuandika hesabu ianzie wapi. Zipo namna tatu. Kwa "kilichomfikia mchapishaji", unapata 510. Kwa "kilichokusanywa kwenye chanzo", unapata 750, na mawakala wote hulipwa kutoka fungu la mchapishaji; mchapishaji mdogo hawezi kukubali, kwa mfano huu angepata hasara. Ya katikati ni kuweka ukomo: jumla ya makato yote ya nje isizidi 20%, bila kujali mawakala ni wangapi, na mgawo ufanywe kwenye kinachobaki. Hapo unapata 75% ya 800, yaani 600. Ndiyo ya kupigania, na huwa inapatikana. Ongeza kwamba wakala ambaye ni kampuni dada ya mchapishaji wako hakati mara ya pili.

Usiuze eneo kwa mafungu makubwa bila sababu. Ujerumani, Austria na Uswisi huenda pamoja, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg pamoja, na hiyo ina mantiki. "Afrika" kama eneo moja haina. Nyumbani kwako pabaki pako na chama chako. Kwa nini umlipe mtu wa London akakusanye Morogoro?

Kila nchi ina mgawo wake. Kwa SACEM na GEMA ya Ujerumani, fungu la mchapishaji kwenye uchezwaji ni theluthi, si nusu, kwa hiyo taarifa ya Paris haitafanana na ya London na si lazima iwe wizi. Marekani ndiyo yenye mitego zaidi. Uchezwaji hukusanywa na ASCAP, BMI, SESAC au GMR, nawe huchagua kimoja cha kukuwakilisha. Nakala za usikilizaji mtandaoni hukusanywa na The MLC, iliyoanza kazi Januari 2021; kujiunga ni bure, ila huingii kama mtunzi tu, unaingia kama mchapishaji au mtunzi anayejisimamia. Hesabu nazo hutofautiana: BMI huhesabu kazi moja kuwa 200, mia ya watunzi na mia ya wachapishaji, na The MLC huhesabu fungu la wachapishaji kuwa 100. Anayenakili namba kutoka huku kwenda kule bila kufikiri anajiandikia nusu ya haki yake.

Kodi pia iingie kwenye hesabu. Mirabaha inayotoka Marekani hukatwa 30% kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nao, na Kenya, Tanzania na Uganda hazina. Jaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wageni, kabla ya malipo ya kwanza, na uombe hati ya makato kila mwaka kwa ajili ya mapato ya nyumbani.

Fedha ya nje huchelewa mwaka mmoja hadi miwili tangu wimbo kupigwa. Anayekuahidi ya Ulaya ndani ya miezi mitatu anakupa advansi kwa jina lingine.

Hatua ya 7: Baada ya sahihi

Ndani ya siku 30 mchapishaji awe amekutumia nakala ya usajili. Usingoje, nenda kwenye hifadhi ya wazi ya The MLC na ile ya pamoja ya ASCAP na BMI, tafuta kila wimbo. Angalia tahajia kwanza. Majina ya Kiswahili huharibika njiani: "Ng'ambo" huingizwa kama "Ngambo", "Ng ambo" na "Ng`ambo", na mfumo ukaona kazi tatu. Zisajili zote kama majina mbadala ya kazi moja. Wimbo unaoitwa "Mapenzi" nao uende na jina la mwimbaji, la sivyo utamezwa na "Mapenzi" mia nyingine.

Madai yakizidi 100%, malipo husimama kwa wote. Mara nyingi chanzo ni wakala wa zamani ambaye bado yumo. Peleka hati ya mgawanyo na ukurasa wa mkataba unaoonyesha tarehe, si malalamiko.

Taarifa za mapato hutoka mara mbili kwa mwaka, kwa hesabu za 30 Juni na 31 Desemba, zikilipwa ndani ya siku 60 au 90. Zionyeshe nchi, chanzo, kipindi, kiasi kilichokusanywa na kila kato. Safu ya "kiasi kilichokusanywa" ikikosekana huwezi kujua kama ukomo wa 20% unaheshimiwa. Haki ya kukagua vitabu iwe ya kurudi nyuma miaka 3, na mchapishaji alipe gharama ya ukaguzi ikibainika amekupunja zaidi ya 10%.

Kuondoka kuna tarehe. Mikataba mingi hujirefusha yenyewe usipotoa taarifa siku 60 au 90 kabla, basi iandike tarehe hiyo kwenye simu yako siku unayosaini. Toa taarifa kwa barua pepe na kwa barua ya rejista. Ukiisha muda, omba barua ya kurejesha haki yenye orodha ya nyimbo na ISWC zake, na nakala zipelekwe kwa kila wakala wa nje, kwa sababu mchapishaji akitoka Nairobi madai ya wakala wa Berlin hayatoki yenyewe. Pitia hifadhi zilezile tena baada ya siku 60, wimbo mmoja mmoja, kabla hujamkabidhi mchapishaji mpya.